Ramadhani kwa Ajuma

Jumamosi, 3 Januari 1998

Manyunyu tena. Asubuhi Yide Lu, mtaa wa Wachina wa maduka ya jumla, kutafuta kalamu, vifutio, vibanio vya nywele. Laobani wa vibanio, yaani mwenye duka, kaniambia "meiyo" kabla sijafungua mdomo. Hamna. Viwanda vinafunga kwa ajili ya mwaka wao mpya, na mzigo wangu wa sahani za plastiki umekwama humo humo. Kwa hiyo Ramadhani yote niko hapa. Sikukuu pia. Nimempigia simu Zuwena, mke wangu, Unguja. Kaniuliza nitafuturu nini.

Nyumba mpya ina afadhali. Uchochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, ghorofa ya tatu, chini yupo fundi wa baiskeli. Mwenye nyumba ni Mkorea, mjane, umri wa mama yangu mdogo. Alikuwa anaweka wafanyabiashara wa kwao, wanalala na kula hapo hapo. Sasa kwao kumeharibika, makampuni yanaanguka, wageni wake wamerudi. Amebaki mmoja, Bwana Han, mzee, muuza soli za viatu. Aliwahi kukaa Nairobi, anajua Kiingereza, na yeye ndiye mkalimani wetu akitaka. Vyumba vimekaa vitupu, ndiyo maana Mama kanichukua mie. Bwana Han hakupendezwa. Hakuficha.

Jina la Mama sijaambiwa. Nimeambiwa nimwite Ajuma, ndivyo wanavyomwita mwanamke mtu mzima. Kumbe na wao hawamwiti mtu jina kavu. Hilo nimelipenda.

Viatu unavua mlangoni. Hilo pia nimelipenda.

Jumatatu, 5 Januari

Kila asubuhi nikitoka chumbani Ajuma ananiuliza neno moja. Nilidhani ni habari za asubuhi. Bwana Han kasema hapana, anakuuliza umekula wali. Ndiyo salamu yao. Unajibu ndiyo hata kama una njaa ya siku mbili, mambo yanaisha.

Mie nimefunga. Siwezi kuanza siku kwa uongo. Nasema hapana, sijala. Uso unamwanguka. Mwanamke riziki yake ni kulisha watu, na mgeni wake kila kukicha anamwambia hajala.

Bwana Han anasema alishamweleza habari ya Ramadhani. Naona alieleza kwa mkato. Leo saa nne nimekuta bakuli mlangoni kwangu, wali na yai juu, limefunikwa vizuri. Nikaliacha pale pale. Mchana akaja, akalitazama, akalichukua. Nimejisikia vibaya mno. Kuomba radhi kwa vidole hakuwezekani.

Alhamisi, 8 Januari

Mambo yamekaa sawa. Bwana Han alikubali kukaa naye jikoni, akamchorea jua linazama na mtu anakula. Leo magharibi nimetoka nikakuta kimeza cha miguu mifupi kimewekwa sebuleni, mbele ya dirisha, na Ajuma pembeni anachungulia nje kuhakikisha. Hilo jua lenyewe halijaonekana tangu nihamie, ni mawingu tu.

Chakula chao ni visahani. Visahani vingi, kila kimoja na kidogo chake. Hujui kipi kitoweo, kipi achari. Kabichi lililochachuliwa kwa pilipili, kimchi wanaita, lipo asubuhi, lipo jioni, na harufu yake ipo kwenye kanzu yangu. Kuna mwani. Mwani huu huu ambao kwetu Paje wanawake wanaulima, wanauza nje, na hakuna anayeutia mdomoni. Hawa wanaupaka mafuta na chumvi, wanauchoma, unakuwa karatasi nyeusi. Nimekula wote. Na kuna dagaa. Dagaa khasa, wadogo wa kukaanga, ila wametiwa sukari. Nikatafuna, nikasema mtu kakosea mkebe. Hakukosea. Ndivyo wanavyotaka.

Vijiti ni vya chuma, vinateleza. Wali wanakula kwa kijiko, alhamdulillahi. Bakuli huliinui, linakaa mezani. Mchina anainua, na wao kwa hilo wanamwona Mchina hana adabu. Mkubwa asipoanza, huanzi. Bwana Han kachelewa kugusa kijiko, naamini kusudi, na wakati wangu umeshaingia. Nikatangulia kunywa maji. Alinitazama.

Nyama za huku sili. Kuku pia. Ajuma kaambiwa, kaitikia, samaki tu basi. Hakuuliza kwa nini. Kukubali bila kuuliza ni ustaarabu mkubwa, kwetu wengi hawana.

Jumapili, 11 Januari

Athumani kanitembelea. Mtu wa Mombasa, ananunua viatu vya plastiki, anakaa na wenzake karibu na stesheni. Anatusalisha tarawehe chumbani kwao, tumezoea kumwita Ustadhi, na sasa na yeye kaanza kutembea kiustadhi. Alinusa pale mlangoni akauliza nani kafia humu. Nikamwambia kabichi. Hakutaka kuona jiko.

Anataka nihamie kwao. Waislamu tuwe pamoja, mwezi huu khasa. Nafasi ya godoro ipo. Nikasema nitafikiri. Sifikiri. Kule choo kimoja, watu wengi, na mabishano ya mpira hayana mwisho. Hapa kimya. Mie napenda kimya.

Tende hakuna mji mzima. Zilizoletwa msikitini zimekwisha siku ya kwanza. Nafungulia maji, na hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia. Jioni nimejaribu kumweleza Ajuma tende ni nini. Nikaonyesha kidole, hivi urefu wake. Nikachora, ikatoka kama mende. Nikatia kitu cha uongo mdomoni mara tatu, nikainua mikono kuomba dua. Akaitikia kwa kichwa sana. Bwana Han hajawahi kuiona tende, hakuwa na msaada.

Jumatano, 14 Januari

Baridi. Nimelala na koti.

Maneno kadhaa nshayapata. Lugha yao ina ngazi. Unalomwambia mtoto silo unalomwambia mzee, kitenzi kinabadilika mkia. Nilimpa Bwana Han asante ya mtoto, hakunisemesha mpaka usiku. Salamu wanainama. Ni shikamoo, ila wao wanaipiga kwa mgongo. Kitu unatoa kwa mikono miwili, unapokea kwa mikono miwili. Kwetu ukinyoosha wa kushoto umetukana. Hapa ukinyoosha mmoja, wowote, umetukana. Nazoea kwa shida. Mkono wangu wa kushoto unaona haya.

Jioni ilipigwa simu. Ajuma kazungumza sana, kaweka chini, kaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Bwana Han kaniambia ni mwanawe. Mmoja tu, yuko Busan, huko kwao. Alikuwa aje mwezi huu. Kazi imemwishia, nauli hana, haji. Nikasema pole yake. Bwana Han kasema si suala la pole. Yule ndiye mwanamume wa nyumba, na kuna mambo katika nyumba mwanamume ndiye anayeyasimamia. Sikuuliza mambo gani. Ni yao wenyewe.

Ijumaa, 16 Januari

Msikitini, mvua, kurudi. Duka la vifutio nalo limefunga.

Ajuma kaniuliza leo, umekula wali. Hapana. Kacheka. Nami nikacheka. Imekuwa mchezo wetu. Anajua jibu, anauliza tu.

Sikudhani ningeizoea nyumba ya watu upesi hivi.

Jumatatu, 19 Januari

Bwana Han yuko Dongguan kwa soli zake, analala huko.

Asubuhi Ajuma hakuniuliza swali lake. Alinipeleka kwenye kalenda, tarehe ya leo imezungushiwa duara. Akaonyesha saa ya ukutani. Akaonyesha sebule, akapunga mkono. Akaonyesha jikoni. Nikaitikia kwa kichwa. Nilielewa leo ana shughuli, jioni kuna kitu maalumu. Ndivyo nilivyoelewa.

Amepika kutwa. Samaki kachovya yai, kakaanga. Mboga kachovya yai, kakaanga. Mie chumbani na funga yangu, nageukia ukuta. Harufu inapita chini ya mlango.

Magharibi nikatoka. Sebuleni si kile kimeza. Ni meza kubwa, sikuwahi kuiona, nyeusi inang'aa. Imejaa. Samaki mzima na kichwa chake. Mapeasi na matufaha, yamekatwa vichwa tu, nikasema kanirahisishia. Bakuli moja la wali, bakuli moja la supu, kijiko kimoja. Na upande wa mwisho, tende. Sahani nzima, nyekundu kwa weusi, zimepangwa zikapanda juu. Nikasema mwanamke huyu kazunguka mji kunitafutia tende. Mwenyewe hayupo. Nikaona kaona haya kushukuriwa, kajificha chumbani.

Wakati umeingia. Bismillahi. Nikala tatu. Kavu, nyepesi, utamu wake uko mbali. Nikasema ndizo tende za Kichina. Nikamvunja samaki ubavu. Nikanywa supu.

Mlango wa Ajuma ukafunguka. Amevaa nguo nyeupe ndefu ya kwao, sijawahi kumwona nayo. Ameshika picha ya mwanamume, kwa mikono miwili. Nikainuka, nikamshukuru kwa Kikorea, asante ya kumpa mkubwa, na leo niliipata sawasawa. Alimtazama samaki. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango taratibu.

Nimekaa pale mpaka chakula kikapoa. Nimefanya jambo. Sijui jambo gani.

Jumanne, 20 Januari

Alfajiri nimeingia jikoni kutafuta maji. Chini ya beseni nimekuta wali, samaki wa kukaanga, dagaa, mwani. Vimefunikwa, vimelala. Futari yangu ya jana. Ilikuwa huko jikoni, alikonionyesha.

Bwana Han karudi adhuhuri. Walizungumza mlango umefungwa. Alipotoka alinieleza amesimama, hakukaa.

Jana ilikuwa siku ya mume wa Ajuma. Alikufa hapa hapa mjini, tarehe hiyo. Kila mwaka anaandaliwa meza, na yeye anakuja. Wanaamini hivyo, anakuja khasa. Mtoto wa kiume anammiminia kikombe, anamsujudia, kisha wote wanatoka wanamwacha ale kwa nafasi yake. Akishamaliza yeye ndipo walio hai wanakula. Mwaka huu mtoto hayupo. Ajuma alijipanga kufanya yote mwenyewe, mara ya kwanza. Alikwenda kuvaa tu. Aliporudi na picha, nafasi ya marehemu ilikuwa na mtu. Mtu mwenyewe mie, nina mwiba wa samaki mkononi.

Na zile si tende. Ni kunazi. Kunazi zilizokaushwa, na bila kunazi hiyo meza haitambuliki. Mie nimezaliwa Mkunazini, mtaa wa Unguja wenye jina la mti huo. Nimekula kunazi tangu sina meno, nimeshindwa kuzijua. Kwetu majani ya mkunazi tunaoshea maiti. Wao tunda lake wanamlisha. Nimeyafikiri hayo kutwa.

Kikombe kilikuwa bado kitupu. Pombe haijamiminwa. Alhamdulillahi kwa hilo tu.

Bwana Han kasema wazi atamshauri Ajuma anitoe. Mgeni aliyekula cha marehemu hawezi kuendelea kukaa. Ajuma kamwambia ataamua baada ya mwaka mpya wao.

Alhamisi, 22 Januari

Futari inakuja kama kawaida. Kimeza, visahani, samaki. Ila Ajuma hakai dirishani tena. Anaweka, anaondoka.

Asubuhi haulizi. Napita sebuleni, anapanguza pahala pamoja, kichwa chini. Siku tatu sasa. Sikujua kama lile swali linanihusu kiasi hiki.

Nimesema samahani ya mkubwa. Aliinama kidogo. Kuinama kwa adabu, kwa mtu wa nje.

Jumamosi, 24 Januari

Nimemwambia Athumani. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha ghafla. Kasema hukujua, huna dhambi. Sasa umejua. Chakula kilichowekwa kwa ajili ya mzimu usikiguse tena, na nyumba yenyewe uhame kabla ya sikukuu. Godoro lipo.

Kisheria sina la kumjibu. Nimerudi nikafunga begi. Liko mlangoni.

Nina hasira. Na Athumani kwa kucheka kwake, na Bwana Han kwa kusimama kwake, na mtoto wa Busan kwa kutokuja. Zaidi na mie mwenyewe. Mtu mzima, ndevu zina mvi, unakaa kwenye meza ya watu huulizi.

Silali vizuri. Najiona nimemvunja yule samaki, kila mara.

Jumapili, 25 Januari

Kwetu ukimkosea mfiwa unakwenda, unakaa jamvini na wenzako, unasema lako, anakusikia. Hapa jamvi liko wapi. Nimemfuata Bwana Han chumbani kwake, nikamuuliza, nifanye nini. Nilikaa bila kukaribishwa.

Kasema hakuna. Siku ya kufa mtu ni moja kwa mwaka. Imepita. Amekuja, amekuta kimeliwa, amerudi.

Kisha akasema, bila kunitazama, kuna asubuhi ya mwaka mpya. Jumatano hii. Asubuhi hiyo nayo wanaalikwa, marehemu wote. Nikasema basi, nafasi ipo. Kasema si basi. Ajuma keshakataa kuandaa. Anasema hawezi kumwalika mtu nyumbani mara ya pili halafu akamwaibisha tena. Na vitu hana, na moyo wa kwenda kuvitafuta hana.

Hilo limenipiga kuliko kufukuzwa. Begi ni begi, nitalibeba. Lakini mwanamke huyu atakaa mwaka mzima akijua mumewe alikuja na njaa akaondoka na njaa, na sababu mie.

Nikamwambia Bwana Han anitajie vitu. Akataja. Kunazi. Mapeasi. Samaki mkavu, yule mrefu mwembamba, na kichwa chake. Mapichi hapana kabisa, yanawafukuza wanaokuja. Chakula cha siku hiyo hakiguswi na pilipili wala kitunguu saumu. Alivyotaja nikaona naye hajambo, alikuwa anangoja kuulizwa tu.

Jumatatu, 26 Januari

Yide Lu nusu imefungwa. Upande wa vyakula vikavu watu wanakimbizana, kila mtu anataka kwenda kwao. Laobani wa kwanza meiyo. Wa pili meiyo. Wa tatu akasema meiyo, nikakaa juu ya gunia lake. Alinipigia kelele kwa Kikantoni, nikamwitikia kwa Kiswahili. Mwisho akatoa kunazi. Za kutiwa sukari nikakataa. Za mashimo nikakataa. Nilizichagua moja moja, za mwisho kwenye gunia, mtu wa Mkunazini leo nimeamua kuzijua kunazi. Akanifungia pakiti mbili za karatasi, kila moja kwa kamba yake. Samaki kapatikana. Mapeasi pia, makubwa. Mapichi hata si msimu wake, lakini nilikuwa nimejiandaa kuyakataa.

Nimempa Ajuma jikoni. Mikono miwili. Nikainama mpaka mgongo ukalia. Nikamwomba Bwana Han amwambie hivi: nilikula kisichokuwa changu, sikujua. Nimerudisha nilivyoweza. Jumatano sitatoka chumbani mpaka niitwe. Bwana Han kasema maneno mengi kuliko niliyompa, sijui aliongeza nini.

Ajuma kapokea kwa mikono miwili. Kaviweka juu ya kabati.

Athumani sijamwambia. Ukila cha mtu unalipa, hilo halihitaji ustadhi.

Begi bado liko mlangoni.

Jumatano, 28 Januari

Fataki za Wachina tangu alfajiri. Mji mzima unalia.

Nilibaki chumbani, mlango nimefunga. Lakini mlango ni mbao nyembamba. Nikasikia ile meza kubwa inaburutwa. Sahani zinawekwa, moja, nyingine, taratibu. Nikajua kaandaa.

Nikasikia nguo yake inapita. Kimiminika kinaingia kikombeni. Magoti sakafuni, yake, kisha yakasikika mazito zaidi, ya Bwana Han, anaguna. Kisha wakatoka wakamwacha marehemu peke yake. Bwana Han akaenda jikoni. Ajuma alisimama kwenye ujia, mbele ya mlango wangu. Niliona kivuli cha miguu yake pale chini. Sote wawili tumesimama, mlango katikati, tunamsubiri mtu amalize kula. Sikukohoa. Hata mguu sikusogeza.

Nikashinda ndani. Nikasoma juzuu yangu. Nikalala kidogo.

Magharibi kagonga. Nikatoka. Meza kubwa imeshaondolewa, kimeza changu kiko dirishani, na Ajuma amekaa pembeni yake. Bwana Han naye yupo, kavaa tai. Katikati ya kimeza kuna pakiti ya karatasi. Ile yangu, ya pili, na kamba yake, na fundo lake la Yide Lu. Ajuma akachukua mkasi. Akanisubiri nitazame. Akaikata kamba mbele yangu, akafungua, akatoa kunazi tatu, akaziweka kwenye kisahani, akakisogeza kwa mikono miwili.

Bwana Han kasema hizi hazikupanda mezani. Ametaka uone kamba mwenyewe. Na supu ni ya dagaa, nyama hakutia, na sufuria ni nyingine.

Nani kamwambia habari ya chakula cha mzimu na dini yangu, sijui. Mie sikusema. Nilimtazama Bwana Han. Alikuwa anaangalia dirisha.

Nikala tatu. Nililia kidogo. Pilipili ya kusingizia haikuwepo.

Ndipo Ajuma naye akachukua kijiko. Bwana Han kasema hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Desturi ni kula pale pale marehemu akimaliza, yeye Bwana Han alikula, lakini Ajuma alikataa, kasema atasubiri jua la mgeni. Ajuma akaongeza jambo, kwa sauti ndogo, anachanganya supu yake. Bwana Han alikawia kulitafsiri. Anasema mumewe alikuwa hapendi kula peke yake.

Supu ina vipande vyeupe vya unga wa mchele, vinanata. Nikaambiwa ukiila siku ya leo umeongeza mwaka mmoja wa umri. Wote tuliila. Bwana Han aliomba ya pili.

Ijumaa, 30 Januari

Sikukuu. Begi nimelifungua jana usiku.

Nimeoga, nimevaa kanzu, imeanikwa nje ya dirisha lakini bado ina kabichi. Kabla ya kwenda kuswali mtu anakula kitu, ndiyo sunna. Nimekula kunazi zilizobaki na wali wa jana, nikanywa chai ya shayiri. Athumani kaja na wenzake, wananingoja chini kwa fundi baiskeli. Nimewasikia wanaleta takbira uchochoroni, watoto wa Kichina wanawaangalia.

Nimefika mlangoni, nimeshavaa viatu, Ajuma katoka jikoni anafuta mikono. Kaniuliza. Umekula wali.

Nikasema ndiyo. Nimekula.

Alisimama na kile kitambaa. Tangu nihamie hakuwahi kupata jibu hilo. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyemaliza kazi, akageuka.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwezi mzima ananiuliza, na mie sijawahi kumuuliza hata siku moja. Nikamwita. Nikamuuliza yeye, kwa neno la kumuulizia mkubwa, nimeutafuta mkia wake mpaka nikaupata. Umekula.

Akatikisa kichwa. Bado.

Chini Athumani ananiita kwa jina. Nikavua viatu, nikarudi kukaa.